Mikono ya madiwani na mfuko wa mfanyabiashara wa Dodoma

Kila mwaka, kabla mvua za Dodoma hazijakatika, uamuzi hufanyika mjini humo ambao hubadili gharama za mwenye duka wa Majengo, mwenye ghala wa Kizota na mwenye nyumba ya wageni wa Makole. Uamuzi huo hauchukui muda mrefu. Meya huhoji, madiwani huinua mikono, na makisio ya mapato na matumizi ya Jiji huwa yamepita.

Wafanyabiashara wengi hupata habari hizo miezi kadhaa baadaye, mwaka mpya wa fedha ukishaanza Julai 1, pale mkusanyaji wa ushuru anapowafikia na mashine yake mkononi. Hapo huanza malalamiko, lakini maji yakishamwagika hayazoleki.

Ni kosa la kibiashara kuichukulia kura hiyo kuwa ni siasa ya madiwani peke yao. Kura ya Baraza la Madiwani ni bei, kama ilivyo bei ya dizeli au ya mfuko wa saruji. Tofauti ni kwamba bei hii hutangazwa mapema kwa anayejua mahali pa kuitafuta, na anayefika kwa wakati anaweza kuibishia. Dodoma ina sababu ya ziada ya kuifuatilia: kwa miaka kadhaa Jiji hilo limekuwa likijadili fedha za aina mbili zisizofanana kana kwamba ni fedha za aina moja.

Nani anainua mkono

Jiji la Dodoma lina kata 41, na kila kata ina diwani wake wa kuchaguliwa. Wanaongezeka madiwani wanawake wa viti maalum na wabunge. Hao ndio wenye kura. Mkurugenzi wa Jiji, ambaye ofisi yake huandaa makabrasha yote yanayojadiliwa, ni katibu wa Baraza na hana kura. Uamuzi hupita kwa wingi wa wajumbe waliohudhuria na kupiga kura, na kura zikilingana mwenye kiti hupiga kura ya kuamua.

Baraza zima hukutana walau mara moja kila miezi mitatu. Kazi yenyewe hufanyika kwenye kamati za kudumu, hasa Kamati ya Fedha na Utawala, inayoongozwa na Meya. Humo ndimo taarifa za makusanyo husomwa, mapendekezo ya ushuru hupangwa na miradi huwekwa kwenye foleni. Jambo lililokubaliwa kwenye kamati ni nadra kuanguka kwenye Baraza.

Kuna kikao kingine kisichoandikwa kwenye ratiba ya Jiji. Ni utaratibu wa kawaida wa vyama kukutana na madiwani wao kabla ya Baraza na kuelewana msimamo. Pale ambapo chama kimoja kina karibu viti vyote, kama ilivyokuwa Dodoma baada ya uchaguzi wa mwaka 2020, mjadala wa kweli huwa umekwisha kabla mlango wa ukumbi haujafunguliwa. Anayehesabu mikono ukumbini anahesabu matokeo ya jana.

Jambo la tatu la kuangalia ni hesabu ya kata. Maduka makubwa, mabenki, hoteli na maghala ya Dodoma vimejazana katika kata chache za katikati na kandokando ya barabara kuu. Kura, hata hivyo, zimegawanywa sawa kwa kata zote. Diwani wa Hombolo au wa Chihanga, ambako watu wanaishi kwa kilimo cha mtama, alizeti na zabibu, ana kura moja sawa na diwani wa Majengo. Mapigakura wake wanataka zahanati na madarasa, na ni haki yao. Lakini matokeo yake ni kwamba fedha hutoka kwenye kata chache za biashara, na wanaoamua matumizi yake kwa sehemu kubwa wanatoka kwingine. Mtaro ulioziba wa soko hauna madiwani wengi wa kuutetea.

Kura iliyopunguzwa uzito

Msomaji anaweza kudhani kuwa madiwani wana mamlaka makubwa ya fedha. Ukweli ni kwamba eneo lao limepungua mwaka hadi mwaka, na kupungua huko ndiko kunakoongeza uzito kwenye bega la mfanyabiashara.

Serikali za mitaa zilifutwa nchini mwaka 1972, zikarudishwa kwa sheria za mwaka 1982 zilizoanza kufanya kazi kikamilifu mwaka 1984. Sheria Namba 8 ya mwaka 1982 iliweka mamlaka za miji, na Sheria Namba 9 ikaweka fedha zake. Wakati huo kila mtu mzima alikuwa mlipaji kwa njia ya kodi ya maendeleo, ile iliyoitwa kodi ya kichwa. Mwaka 2003 Serikali iliifuta pamoja na kodi nyingine zilizoonekana kuwa kero. Wananchi walishangilia, na kwa haki, kwa sababu ukusanyaji wake ulikuwa wa kufukuzana mitaani.

Baada ya hapo chanzo kimoja baada ya kingine kiliondoka mikononi mwa halmashauri. Kodi ya majengo ilihamishiwa Mamlaka ya Mapato, na tangu mwaka 2021 hukusanywa kupitia manunuzi ya umeme wa LUKU na kuingia kwanza Serikali Kuu. Kodi ya pango la ardhi ni ya Serikali Kuu. Barabara za halmashauri zilikabidhiwa kwa TARURA mwaka 2017, na maji ya mjini yako chini ya DUWASA. Mishahara ya walimu na waganga hutoka Hazina ikiwa tayari imepangwa.

Aidha, Baraza halianzi na karatasi tupu. Ukomo wa bajeti hutoka juu, na mwongozo wa Serikali umekuwa ukizitaka halmashauri zenye makusanyo makubwa kupeleka zaidi ya nusu ya mapato ya ndani kwenye miradi ya maendeleo. Makisio yakipita kwa madiwani huenda mkoani, kisha TAMISEMI, na mwishowe Bunge. Sheria ndogo za ushuru haziwi na nguvu mpaka Waziri mwenye dhamana azikubali na zichapishwe kwenye Gazeti la Serikali.

Kwa hiyo swali la kibiashara ni hili: madiwani wamebakiwa na nini cha kupigia kura kwa uhuru? Jibu ni vizimba vya masoko, stendi, machinjio, leseni, vibali, ushuru wa huduma, ushuru wa mazao, na viwanja. Ukiondoa viwanja, kila kitu kwenye orodha hiyo hulipwa na mtu mwenye biashara. Mkulima halipi kodi ya kichwa tena, mwenye nyumba hulipa kwa LUKU, na mfanyakazi hukatwa na Hazina. Mfanyabiashara ndiye aliyebaki mezani na madiwani.

Asilimia ndogo, fedha nyingi

Ushuru wa huduma ni mfano mzuri. Kiwango chake cha juu huwekwa na Bunge, si na madiwani, na kwa miaka mingi kilikuwa asilimia 0.3 ya mauzo baada ya kutoa Kodi ya Ongezeko la Thamani. Asilimia hiyo inaonekana ndogo. Lakini hutozwa kwenye mauzo, haiangalii faida.

Chukua duka la jumla lenye mauzo ya shilingi milioni 200 kwa mwaka. Kwa kiwango cha asilimia 0.3 litatakiwa kulipa shilingi 600,000. Kama faida ya biashara hiyo ni asilimia 3 ya mauzo, yaani shilingi milioni 6, ushuru huo umekula sehemu moja ya kumi ya faida. Mwaka wa hasara ushuru ni uleule. Muuza sukari na unga, ambaye faida yake kwa kila mfuko ni ndogo na mauzo yake ni makubwa, huumia kuliko muuza vipodozi.

Ushuru wa mazao nao unaonyesha jinsi kura ya juu inavyoweza kugeuza hesabu ya chini. Mwaka 2017 Bunge lilipunguza ushuru huo kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula. Likaondoa pia ushuru kwa mzigo usiozidi tani moja unaovushwa kutoka halmashauri moja kwenda nyingine. Kwa mnunuzi wa Kibaigwa anayebeba magunia 100 ya mahindi kwa bei ya shilingi 60,000 gunia, tofauti kati ya asilimia 5 na asilimia 2 ni shilingi 180,000 kwa safari moja. Halmashauri za ukanda wa kati zilizokuwa zikitegemea mazao zilijikuta na pengo, na pengo la bajeti haliachwi wazi. Lazima litafutiwe mlipaji mwingine.

Ndiyo maana si busara kwa mfanyabiashara kufurahia kila kodi inayofutwa bila kuuliza ni ipi inakuja nyuma yake.

Fedha ya viwanja si mshahara

Hapa ndipo Dodoma inapotofautiana na miji mingine.

Tangu mwaka 1973, TANU ilipoamua makao makuu yahamie Dodoma, ardhi ya mji huo ilikuwa mikononi mwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA. Manispaa ilikuwa na madiwani lakini haikuwa na ardhi. CDA ilikuwa na ardhi lakini haikuwa na madiwani. Mwananchi aliyetaka kiwanja alipiga kura kwa mmoja na kulipa kwa mwingine. Wawekezaji wengi walilalamikia hati za miaka 33, muda ambao ni mfupi kwa mtu anayetaka kukopa benki na kujenga ghorofa.

Mei 2017 Rais John Magufuli aliivunja CDA, na kazi na mali zake zikakabidhiwa kwa Manispaa. Aprili 26, 2018 Manispaa ikatangazwa kuwa Jiji. Wizara zilikuwa zimeshaanza kuhamia, watumishi walihitaji nyumba, na madiwani wakajikuta na bidhaa inayotafutwa kuliko zote nchini: kiwanja kilichopimwa kwenye makao makuu. Viwanja vya Iyumbu, Mtumba, Nala na kwingineko viliuzwa kwa kasi. Dodoma ikapanda hadi mstari wa mbele wa halmashauri zinazokusanya mapato mengi ya ndani nchini, mahali ambapo kwa kawaida palikuwa pa halmashauri za Dar es Salaam.

Mafanikio hayo hayana ubishi. Tatizo ni jinsi yalivyoandikwa. Kiwanja huuzwa mara moja. Mwuza ng'ombe anayehesabu fedha ya ng'ombe wake kama fedha ya maziwa atapanga matumizi mazuri mwaka wa kwanza, lakini mwaka wa tatu zizi litakuwa tupu na watoto watakuwa wamezoea maziwa.

Isitoshe, fedha ya kiwanja ina madeni yake yenyewe. Kuna fidia ya aliyekuwa akilima pale, kuna gharama ya upimaji, na kuna barabara, maji na umeme ambavyo mnunuzi aliahidiwa au aliamini kuwa vinakuja. Fedha hiyo ikitumika kuendesha ofisi au kuanzisha miradi mingine, deni linabaki kwa mnunuzi aliyejenga nyumba porini.

Na kiwanja kikishauzwa, matunda yake ya kila mwaka kwa sehemu kubwa hayaji moja kwa moja Jijini. Kodi ya pango inakwenda Serikali Kuu na kodi ya jengo inapitia LUKU. Jiji hunufaika moja kwa moja pale tu biashara inapofunguliwa juu ya kiwanja hicho, kwa leseni na ushuru wa huduma. Kiwanja kilichonunuliwa na kuachwa na nyasi, kikisubiri bei ipande, hakiliingizii Jiji chochote cha maana.

Mantiki inayofuata ni nyepesi. Kama viwanja vinapungua, Baraza lina njia mbili: kubana ushuru kwa biashara zilizopo, au kuongeza idadi ya biashara zinazolipa. Njia ya kwanza hupita kwa kuinua mikono mara moja. Ya pili inataka barabara za viwandani, soko lisilofurika na vibali vinavyotoka kwa wakati. Mfanyabiashara anapaswa kutazama Baraza linachagua ipi.

Jiji likiwa mfanyabiashara

Kwa haki, madiwani wa Dodoma hawakukaa tu wakila fedha ya viwanja. Sehemu yake waliielekeza kwenye vitega uchumi, ikiwemo hoteli katikati ya mji na jengo la biashara katika Mji wa Serikali, Mtumba. Wazo lenyewe ni sahihi: kubadili ardhi inayouzwa mara moja kuwa kodi ya pango inayoingia kila mwezi.

Lakini hoteli ya halmashauri si jambo dogo kwa mwekezaji mdogo aliyekopa kujenga nyumba ya wageni yenye vyumba 15. Mshindani wake ndiye huyohuyo anayempa leseni, anayemkagua usafi na anayemtoza ushuru. Mshindani huyo akipata hasara haendi kufilisiwa na benki, kwa sababu hasara hufidiwa na ushuru wa washindani wake. Hali hiyo haihitaji nia mbaya ya mtu yeyote ili ilete madhara.

Nchi hii ina uzoefu wa kutosha na mashirika ya umma ya biashara. Mengi yalianzishwa kwa nia njema, na katika miaka ya 1990 yalibinafsishwa yakiwa na madeni. Ule msemo wa wenye maduka, mali bila daftari hupotea bila habari, haukutungwa kwa ajili ya maduka peke yake. Kitega uchumi cha Jiji kinastahili kupigiwa kura kwa daftari: gharama yote, muda wa kurudisha fedha, nani atakiendesha, na nini kitafanyika kama wapangaji hawatajaa. Kabrasha lisilo na mambo hayo lisipelekwe kwenye Baraza.

Wamachinga na asilimia kumi

Kura nyingine mbili zinagusa walio chini kabisa. Mwishoni mwa mwaka 2021 Serikali iliagiza wamachinga nchi nzima waondoke kandokando ya barabara na kwenye maeneo yasiyo rasmi. Miji mingi ilibaki ikihangaika na mahali pa kuwapeleka. Dodoma ilijenga soko la wazi kwa ajili yao, na mwaka 2022 lilikuwa limekamilika. Ni kitendo ambacho miji mingine ilikuja kujifunza.

Hata hivyo, jengo halileti mteja. Mmachinga alikuwa kando ya barabara kwa sababu mteja alipita hapo. Maamuzi yanayofuata ujenzi, yaani ushuru wa kizimba, njia za daladala na nani anapewa nafasi ya mbele, ndiyo yanayoamua kama soko litaishi. Nayo pia huamuliwa kwenye kamati, bila kishindo.

Kura ya pili ni asilimia 10 ya mapato ya ndani inayotengwa kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mwaka 2018 jambo hilo liliwekwa kwenye sheria. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu zilionyesha mara kwa mara mikopo isiyorejeshwa katika halmashauri nyingi, na Aprili 2023 Serikali ikasimamisha utoaji wake. Mikopo ilirejea mwaka 2024 kwa utaratibu mpya, huku baadhi ya halmashauri, Dodoma ikiwemo, zikichaguliwa kujaribu kuipitisha benki.

Funzo ni kwamba kura ya kutoa fedha ni rahisi na kura ya kuzidai ni ngumu. Diwani anayetaka kurudi madarakani hapendi kuwa wa kwanza kumdai mpigakura wake. Benki haina kata ya kutetea. Kama utaratibu huo utafanikiwa, walioomba mikopo kwa biashara za kweli ndio watakaofaidika.

Waliochelewa na waliowahi

Historia ya karibu inaonyesha mambo mawili kuhusu kura za mabaraza.

La kwanza ni kwamba Baraza likishindwa kazi, kura yenyewe huondolewa. Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam ilivunjwa mwaka 1996, na Tume ya Jiji chini ya Charles Keenja ikaendesha mji hadi mwaka 2000. Wengi walisifu takataka zilivyoondolewa. Februari 2021 Jiji hilo lilivunjwa tena na Manispaa ya Ilala ikapewa hadhi yake. Mfanyabiashara anaweza kuona tume ni nafuu kwa sababu ina uamuzi wa haraka. Lakini tume haina diwani wa kufuatwa nyumbani jioni, na uamuzi wa haraka unaweza kuwa wa haraka pia katika kupandisha ushuru.

La pili linatoka Kenya. Mwaka 2013 Kaunti ya Kiambu ilipitisha sheria yake ya fedha yenye tozo mpya kwa wafanyabiashara. Wananchi walikwenda Mahakama Kuu, na Aprili 2014 sheria hiyo ikatenguliwa kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Tozo hazikuanguka kwa kuwa zilikuwa kubwa. Zilianguka kwa kuwa waliotakiwa kulipa hawakuulizwa kama Katiba inavyotaka.

Tanzania haina kifungu kama hicho cha Katiba, lakini haiko mikono mitupu. Sheria ya mamlaka za miji inaitaka halmashauri iwatangazie wakazi kusudio la kutunga sheria ndogo na kupokea pingamizi zao. Mikutano ya Baraza iko wazi kwa wananchi kusikiliza. Mabaraza ya biashara ya mikoa na wilaya, yaliyotokana na Baraza la Taifa la Biashara la mwaka 2001, yaliundwa kwa ajili ya mambo ya aina hii. TCCIA ipo tangu mwaka 1988. Kinachokosekana mara nyingi ni watu wenyewe. Tangazo hubandikwa na kung'oka kwa jua pasipo mtu kuandika barua.

Kinachotakiwa

Madiwani watajibu kuwa Jiji linahitaji fedha, na wako sahihi. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 410,956 katika Manispaa ya Dodoma. Ile ya mwaka 2022 ilihesabu 765,179. Ongezeko hilo linataka madarasa, zahanati na magari ya taka. Watasema pia kuwa wafanyabiashara wengi huficha mauzo, nalo ni kweli. Asiyetoa risiti hana uso wa kulalamikia mtaro.

Lakini mahitaji hayo ndiyo sababu ya kutaka kura iliyo bora zaidi. Mambo matatu yangetosha kwa kuanzia, na hakuna linalohitaji sheria mpya.

Kwanza, makisio ya Jiji yatenganishe fedha ya viwanja na mapato ya kawaida ya kila mwaka, kila moja kwenye ukurasa wake. Fedha ya viwanja ilipe fidia, upimaji na miundombinu ya viwanja hivyo kwanza, kisha inayobaki iende kwenye mali inayodumu. Isilipe posho wala mafuta ya magari.

Pili, kura juu ya ushuru, na juu ya kitega uchumi chochote kikubwa, ipigwe kwa majina na iandikwe kwenye muhtasari. Mkono ulioinuliwa katikati ya mikono hamsini hauna mwenyewe. Jina lililoandikwa linaweza kuulizwa swali sokoni.

Tatu, kila pendekezo la ushuru mpya lije na hesabu ya makusanyo na gharama ya kukusanya. Ushuru unaoajiri wakusanyaji wengi kuliko unavyoingiza fedha ni kero isiyo na faida kwa yeyote.

Kwa upande wao, wafanyabiashara wa Majengo, Sabasaba na Soko la Job Ndugai wana kazi moja. Makisio huandaliwa kati ya Novemba na Februari. Huo ndio msimu wa kumwona diwani, kumwandikia Mkurugenzi, na kupeleka hesabu zilizoandikwa kwa wajumbe wa Kamati ya Fedha na Utawala, siyo baada ya Julai. Barua ya kurasa mbili kutoka kwa wenye maduka 50, yenye takwimu za mauzo na ushuru wanaolipa, ina uzito kuliko mgomo wa siku tatu, na haimfukuzi mteja.

Anayenunua mahindi hafiki Kibaigwa soko likishafungwa na kuanza kulalamikia bei. Kwa kura ya Baraza la Madiwani, soko hufungwa Februari.